Namna ya Kueleza Spishi Mpya ya Mbawakawa wa Majani Yaliyoanguka Msituni

Maswali ya wanaoanza ni yaleyale kila mara. Nitajuaje kwamba mbawakawa huyu hajapata kupewa jina? Je, kielelezo kimoja kinatosha? Ni lazima nipime DNA? Jina nilitunge lini, na nani ananiruhusu? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu majani yanapochekechwa msituni hadi makala inapochapishwa. Umeandikwa kwa ajili yako wewe ambaye tayari unaweza kumtambua mbawakawa hadi kwenye familia yake, na sasa una chupa yenye wadudu wadogo wa kahawia wasiolingana na ufunguo wowote wa utambuzi ulio nao.

Sehemu kubwa ya kazi hii ni kulinganisha. Maelezo ya mwili huandikwa kwa siku chache, lakini kuhakikisha kwamba mdudu huyo hakupewa jina mwaka 1890 katika jarida ambalo leo hakuna anayelisoma huweza kuchukua miezi mingi. Anayeikwepa sehemu hiyo huwaachia wenzake kisawe cha kusafisha, yaani jina la pili kwa spishi iliyokwisha kuwa na jina, na usafishaji huo ni mzito kuliko kazi aliyoiokoa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Vibali vya utafiti, vya kukusanya na, ikiwa vielelezo vitavuka mpaka, vya kusafirisha. Tangu Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, yaani mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa faida zake, ilipoanza kutumika mwaka 2014, makumbusho mengi hayapokei vielelezo visivyo na karatasi zake, na kibali hakiwezi kutafutwa baada ya mdudu kuwa chupani.
- Chekeche la wadudu, mifuko ya Winkler, na vichupa vyenye vifuniko visivyovuja.
- Hadubini ya stereo yenye kipimo ndani ya lenzi ya jicho, na hadubini ya slaidi kwa ajili ya viungo vya uzazi.
- Vibanio viwili vyenye ncha nyembamba sana, na pini ndogo kabisa zilizochomekwa kwenye vijiti.
- Ethanoli ya asilimia 96 na ya asilimia 70, potasiamu haidroksidi ya asilimia 10, gliserini, gundi inayoyeyuka kwa maji, kadi ngumu nyeupe na pini za wadudu.
- Kamera inayofungwa kwenye hadubini, pamoja na programu ya kuunganisha picha za fokasi mbalimbali, kama Helicon Focus au Zerene Stacker.
- Kanuni za Kimataifa za Majina ya Kisayansi ya Wanyama, toleo la nne, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000 na ambazo zinasomeka bure kwenye intaneti. Hapa chini zinaitwa Kanuni tu. Zisome mwenyewe, kusimuliwa hakutoshi.
- Makubaliano na makumbusho yatakayotunza vielelezo. Yaombe mapema.

Hatua kwa hatua

1. Kusanya bila kupoteza taarifa. Kusanya majani, vijiti vilivyooza na udongo mlaini wa juu, kisha uvitikise kwa nguvu ndani ya chekeche lenye matundu ya kama sentimita moja. Kinachopita hutiwa kwenye mifuko ya wavu inayoning'inizwa ndani ya mfuko wa Winkler. Kadiri takataka hizo zinavyokauka, wadudu huhangaika, hutoka wavuni na kuangukia kwenye kikombe cha ethanoli kilichofungwa chini. Siku mbili au tatu kwa kawaida hutosha, na umeme hauhitajiki. Usijaze wavu hadi ukakaza, wala usiutundike mfuko juani, kwa sababu wadudu wengi watafia ndani kabla ya kushuka.

Andika papo hapo nchi, mkoa, jina la msitu, latitudo na longitudo pamoja na mfumo wake wa ramani (WGS84 ndio wa kawaida), mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, mkusanyaji, njia iliyotumika, na aina ya msitu. Mwezi uandikwe kwa tarakimu za Kirumi, ili 5.iii isije ikasomwa kuwa tarehe 3 ya mwezi wa tano. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya kichupa pamoja na wadudu. Lebo iliyobandikwa kwenye kifuniko ni hatari kubwa: vichupa viwili vikifunguliwa pamoja, vifuniko hubadilishana na spishi inahamia mlima mwingine.

2. Tenga wadudu kwa makundi ya mwonekano. Weka pamoja wanaofanana, kisha tafuta madume na majike katika kila kundi kabla ya kudhani kwamba una spishi mbili. Tofauti za jinsia ni za kawaida: dume anaweza kuwa na miguu ya mbele iliyopanuka, pingili za vipapasio zilizovimba, au kishimo tumboni ambacho jike hana. Mwondoe pia kila mbawakawa aliyetoka kwenye pupa karibuni. Huyo huwa na rangi ya majani makavu na ganda lake ni laini, nao wanaoanza humdhania kuwa spishi ya rangi tofauti.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Mbawakawa wengi wa tabaka la majani hawaruki. Mabawa yao ya ndani yamepungua au hayapo, mabega ya elitra, yaani mabawa magumu ya juu, yamekuwa ya mviringo, na macho yamebaki na vilenzi vichache. Kwa kuwa hawasafiri mbali, spishi moja inaweza kuishi kwenye mlima mmoja tu, na ndiyo maana tabaka hili bado linatoa spishi mpya kwa wingi. Lakini mabadiliko hayohayo yametokea mara nyingi, katika koo zisizo na udugu wa karibu. Macho madogo na mabega ya mviringo yanakueleza mdudu anaishi wapi. Usiyategemee kukueleza ni wa jenasi gani.

3. Chukua sampuli ya DNA sasa, kabla ya kemikali yoyote. Ondoa mguu mmoja wa upande wa kulia kutoka kwa vielelezo kadhaa vilivyohifadhiwa kwenye ethanoli ya asilimia 96, au tumia njia ya kuloweka mdudu mzima ambayo haiharibu ganda lake. Kipande kinachotumika zaidi ni cha jeni ya COI, chenye herufi 658. Kanuni hazidai DNA, na spishi nyingi nzuri huelezwa bila hiyo. Hata hivyo, ukiwa na uwezo wa kuipata, ipate, kwa kuwa inaunganisha dume, jike na buu kwa namna ambayo macho hayawezi.

4. Toa edeago. Kwa mbawakawa wadogo wa msituni, edeago, yaani kiungo cha uzazi cha dume, ndiyo mara nyingi inayotenganisha spishi ambazo kwa nje hazina tofauti hata moja. Mlainishe mdudu kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni, mlaze chali kwenye tone la maji chini ya hadubini, na umshike kifua kwa kibanio kimoja bila kumbana. Ingiza pini iliyopindwa ncha kama ndoana kati ya pingili za mwisho za fumbatio (tumbo la mdudu), uvute polepole sana. Kwanza hutoka utando mweupe, kisha mrija mgumu wa rangi ya kaharabu, nao katika familia nyingi huwa umelala ubavu.

Weka fumbatio au edeago yenyewe kwenye potasiamu haidroksidi usiku kucha katika joto la kawaida, au kwa dakika chache ikiwa imepashwa moto. Misuli huyeyuka na sehemu ngumu hubaki. Mdudu wa milimita moja na nusu aangaliwe kila baada ya muda mfupi, kwa sababu ganda lake hupauka na kulegea haraka. Suuza kwa maji, hamishia kwenye gliserini, kisha chora na upige picha edeago ikiwa imelala upande uleule kwa kila dume. Ncha inayoonekana nyembamba kutoka ubavuni inaweza kuwa pana kutoka juu, na "spishi" kadhaa zimewahi kuzaliwa kwa mzunguko wa digrii ishirini tu. Ukimaliza, edeago iwekwe kwenye kadi au kichupa kidogo kinachochomwa kwenye pini ileile ya mwenye nayo. Usifungue mdudu wa pili kabla wa kwanza hajafungiwa kila kilicho chake.

5. Hakikisha kwamba hana jina. Hatua hii ndiyo moyo wa kazi. Anza na ufunguo mpya kabisa wa jenasi, kisha orodha kamili ya spishi zake, halafu soma maelezo ya asili ya kila spishi, moja baada ya nyingine, hata yale ya Kilatini, Kijerumani au Kifaransa. Majina ya wanyama yanahesabiwa tangu mwaka 1758, na kuna takriban spishi 400,000 za mbawakawa zilizokwisha kuelezwa, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu ya mtu yeyote. Maktaba ya Biodiversity Heritage Library ina majarida mengi ya kale bila malipo, na Zoological Record inaorodhesha majina mapya tangu mwaka 1864. Angalia pia jenasi jirani: spishi yako inaweza kuwa ilielezwa zamani, lakini ikawekwa kwenye jenasi isiyo yake.

Maelezo mengi ya karne ya kumi na tisa yana mistari mitatu: kahawia, anang'aa, milimita mbili. Mistari hiyo inawafaa mbawakawa mia. Kwa hiyo ni lazima uione holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, au vielelezo vingine vya asili, vya kila spishi inayokaribiana na yako. Vielelezo vingi vya asili vya misitu ya tropiki vimo kwenye makumbusho ya London, Paris, Berlin na Tervuren, na watunzaji wake kwa kawaida husaidia kwa moyo wanapoombwa vizuri. Usiandike tu "naomba picha". Taja jina la spishi, mwaka wa maelezo, na sehemu hasa unazotaka kuona: pronoto (ngao ya juu ya kifua, nyuma ya kichwa) kutoka juu, kipapasio cha kushoto, edeago kutoka ubavuni ikiwa imekwisha kutolewa, na lebo zote.

6. Fanya uamuzi, na uandike sababu zake. Spishi mpya ni dai linaloweza kupingwa, kwa hiyo onyesha ushahidi wake. Tofauti mbili au tatu zisizohusiana, zinazojirudia kwa vielelezo vyote na zisizo na hatua za kati, zina nguvu kuliko tofauti kumi za ukubwa na rangi. Umbali wa DNA usitumike peke yake kama kipimo cha asilimia. Kwa wadudu wasioruka, jamii za spishi moja zinazoishi kwenye vilima viwili zinaweza kutofautiana sana katika COI, ilhali miili na edeago zao ni zilezile.

7. Chagua holotaipu. Holotaipu ni kielelezo kimoja tu, na ndicho kitakachobeba jina milele. Chagua dume aliyekamilika, mwenye edeago iliyotolewa vizuri na, ikiwezekana, mwenye DNA. Wengine ambao una hakika nao ni parataipu; ukiwa na shaka juu ya kielelezo fulani, kiache nje. Kwa desturi holotaipu hupewa lebo nyekundu na parataipu za njano. Lebo za zamani zisiondolewe kamwe, hata zikiwa na makosa ya tahajia. Ndani ya makala zinakiliwa herufi kwa herufi, na mkwaju (/) ukionyesha mwisho wa kila mstari.

8. Pima na upige picha. Pima urefu na upana wa pronoto na wa elitra katika sehemu pana zaidi, urefu wa kichwa, na kila pingili ya kipapasio. Toa kiwango cha chini, cha juu na idadi ya vielelezo. Urefu wa jumla wa mwili hauaminiki sana, kwa kuwa fumbatio hurefuka kwenye ethanoli na hujikunja likikauka. Kila picha iwe na mstari wa kipimo.

9. Andika maelezo. Ibara ya 13 ya Kanuni inataka maelezo kwa maneno ya sifa zinazomtofautisha mdudu. Picha nzuri pekee haitoshi, wala mfuatano wa DNA. Maelezo ya mwili yafuate mpangilio wa kudumu: kichwa, vipapasio, pronoto, elitra, miguu, fumbatio, viungo vya dume, viungo vya jike. Yaandike kutoka kwenye holotaipu, kisha tofauti za parataipu uziweke mahali pake.

Sehemu ya utofautishaji ndiyo itakayosomwa zaidi, nayo huandikwa vibaya kuliko zote. Anayeanza huandika: "Spishi hii ni ndogo, ya kahawia, yenye pronoto pana na vishimo vingi." Hiyo haimtenganishi na yeyote. Linganisha na hii: "Hutofautiana na spishi nyingine zote za jenasi hii kwa kuwa na michirizi minne ya vishimo kwenye kila elitra (nyingine zina sita), na kwa ncha ya edeago iliyogawanyika pacha. Inakaribiana zaidi na spishi fulani, ambayo hata hivyo ina pingili ya tisa ya kipapasio iliyo ndefu kuliko upana wake." Taja jina la jirani, taja sifa, taja hali yake kwa kila upande. Kama ufunguo wa jenasi upo, uongeze spishi yako ndani yake.

10. Sasa tunga jina. Jina linaweza kutoka lugha yoyote, mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini bila alama yoyote, kwa hiyo mahali penye ng' hupoteza kile kikato. Likiwa ni sifa, lazima likubaliane na jinsia ya jenasi, kwa mfano -ensis kwa jenasi ya kiume au ya kike na -ense kwa isiyo na jinsia. Likiwa la mtu, huongezwa -i kwa mwanamume, -ae kwa mwanamke, -orum kwa wanaume au kundi la mchanganyiko, na -arum kwa wanawake. Kanuni hazikatazi kujiita mwenyewe, ila hakuna anayefanya hivyo. Eleza asili ya jina, na useme waziwazi kama ni sifa au nomino, ili mwingine asije akalibadilisha jenasi ikibadilika.

Usilitaje jina hilo kwenye tasnifu, bango la mkutano, lebo za picha au mitandao kabla ya makala kutoka. Jina lisilo na maelezo halali huzagaa, na mtu mwingine anaweza kulitumia kwa mdudu mwingine.

11. Chapisha na ukabidhi. Andika "sp. nov." (spishi mpya) baada ya jina, taja holotaipu, na taja makumbusho na mji itakapotunzwa, Ibara ya 16 inayadai yote haya kwa majina yaliyotolewa baada ya mwaka 1999. Makala ya kielektroniki tangu mwaka 2012 lazima isajiliwe ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa, na namba ya usajili ionekane ndani ya makala yenyewe. Majarida kama European Journal of Taxonomy na Zootaxa yana wahakiki wanaoijua kazi hii. Mfuatano wa DNA uupeleke GenBank, na vielelezo uvikabidhi kabla ya chapisho kutoka. Vibali vingi hutaka holotaipu ibaki au irudi nchi ilikokusanywa. Kibali kisipotaka, bado ni haki angalau baadhi ya parataipu zikae huko.

Matatizo ya kawaida

*Nina majike tu.* Chunguza mfuko wa mbegu za kiume ulio ndani ya fumbatio la jike. Katika familia nyingi una umbo la kipekee. Ikiwa spishi jirani zinajulikana kwa madume pekee, subiri na urudi msituni.

*Nina kielelezo kimoja.* Kanuni zinaruhusu. Mimi ninaona inafaa pale tu tofauti ni kubwa na ya muundo wa mwili, hasa kama msitu wenyewe unatoweka. Tofauti za ukubwa, rangi au wingi wa vishimo hazitoshi kwa kielelezo kimoja.

*Edeago imevunjika.* Kusanya vipande vyote kwenye gliserini, uviweke kwenye pini ya mwenyewe, na umtumie dume mwingine kama holotaipu.

*DNA inagawa makundi mawili, mwili haugawi.* Kwanza rudia kusoma mfuatano na uondoe uwezekano wa uchafuzi. Kisha zifungue edeago zaidi, ukiangalia vifuko na miiba ya ndani, siyo umbo la nje tu. Tofauti isipoonekana, eleza spishi moja na uonyeshe mgawanyiko huo ndani ya makala.

*Vielelezo vya asili vya spishi jirani vimepotea.* Tafuta vingine kutoka mahali vilipokusanywa mwanzoni. Usiteue kielelezo mbadala kwa haraka. Kanuni zinaruhusu hilo pale tu ambapo utambulisho wa spishi hauwezi kutatuliwa vinginevyo.

*Mhakiki anasema hizo ni tofauti za ndani ya spishi moja.* Usijibu kwa maneno. Jibu kwa jedwali la vipimo na picha za madume kutoka kila mahali, hasa maeneo ambako spishi hizo mbili zinaishi pamoja bila kuchanganyika.

*Jina nililolichagua limekwisha kutumika.* Likiwa ndani ya jenasi hiyohiyo, ni homonimu, nalo haliwezi kusimama. Tafuta ZooBank na kwenye orodha za jenasi, ukijumuisha spishi zilizohamishiwa jenasi nyingine, kwa kuwa nazo zinahesabika kama zilielezwa kwanza humo.

*Jina limechapishwa kwa tahajia mbili tofauti ndani ya makala moja.* Hutokea zaidi kwenye maelezo chini ya picha, kwa hiyo kabla ya kurudisha nakala ya mwisho tafuta jina hilo kwa kompyuta, mahali pamoja baada ya pengine. Ikiwa makala imekwisha kutoka, chagua tahajia sahihi na uitumie katika makala yako inayofuata, ukieleza waziwazi kwamba unaichagua hiyo na kuiacha ile nyingine.